Kaunta Buku la Kanazi: Namna ya Kuipima Kampuni Inayosema Inaheshimu Haki Zako

Kabla hujaendelea kusoma, tafuta daftari. Si lile la shule linalochanika mvua ya kwanza. Chukua kaunta buku lenye jalada gumu, kama lile ambalo mwenye duka huandikia madeni ya watu. Ukurasa wa kwanza andika tarehe, jina la kitongoji chako, na jina la kampuni kama lilivyobandikwa kwenye mlango wa gari lao. Kama gari limeshakuja na kuondoka mara kumi, anza leo hivyo hivyo.

Ninawaandikia hasa watu wa Kanazi na kata nyingine za Ngara, pamoja na majirani zetu wa Biharamulo, kwa sababu makampuni makubwa yameizunguka nchi hii ya vilima na migomba. Bugarama kuna nikeli ya Kabanga. Biharamulo kulikuwa na mgodi wa dhahabu wa Tulawaka, uliokuwa wa African Barrick Gold mpaka STAMICO, shirika la madini la serikali, ilipouchukua mwaka 2013, na sasa bomba la mafuta ghafi linalotoka Hoima, Uganda, kwenda Chongoleani, Tanga, limepita katika wilaya hiyo hiyo. Hata kama shamba lako halijapigwa rangi wala kuwekewa kigingi, una shemeji au mkwe ambaye lake limeshawekewa.

Jambo la kwanza la kulijua ni hili: jina la kwenye mlango wa gari hubadilika. Kabanga ilianza kutafitiwa kwa mpango wa Umoja wa Mataifa mwaka 1976. Ikaja Sutton Resources, kisha Barrick mwaka 1999, kisha Falconbridge, kisha Xstrata, kisha Glencore. Mwaka 2018 serikali ikafuta leseni za kuhodhi maeneo. Januari 2021 ukasainiwa mkataba uliozaa Tembo Nickel, ambamo Serikali ya Tanzania ina hisa asilimia 16. BHP ya Australia nayo ikaingia na hisa zake, na Julai 2025 ikatoka, mbia wake Lifezone Metals ikabaki na sehemu yote isiyo ya serikali. Mtoto aliyezaliwa Ngara mwaka ule wa 1976 leo huenda ana wajukuu, na katika umri wake wote amesikia kwamba mgodi unakuja. Kila aliyekuja alifanya mikutano, akaahidi, akaondoka na mafaili yake. Wewe ndiye pekee uliyekuwepo mikutano yote. Ndiyo maana nimeanza na daftari.

Kuheshimu maana yake nini

Juni 2011 Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa lilipitisha Kanuni Elekezi kuhusu Biashara na Haki za Binadamu, kazi iliyoongozwa kwa miaka sita na John Ruggie, profesa wa Harvard. Ni kanuni 31, na kiini chake kinasemeka kwa pumzi moja: serikali ina wajibu wa kulinda watu, kampuni ina wajibu wa kuheshimu haki zao, na aliyeumizwa lazima apate nafuu. Kampuni inatakiwa ichunguze mapema ni nani inaweza kumdhuru, izuie madhara hayo, na yakitokea iyarekebishe. Na haiwezi kujitetea kwa kusema aliyefanya ni mkandarasi.

Hapo pana neno la kushika. Kampuni ya kigeni haiji kijijini na sura moja. Leo inakuja kama mtafiti mwenye mashine ya kuchoronga, kesho kama mthamini, keshokutwa kama wakala wa ajira anayetafuta vibarua, halafu kama mlinzi wa kampuni nyingine kabisa aliyesimama getini. Kila mmoja akiulizwa atasema yeye si kampuni. Kwenye daftari lako wote waandike chini ya jina moja.

Usichanganye pia haki na zawadi. Sheria ya Madini inaitaka kampuni iwe na mpango wa kila mwaka wa uwajibikaji kwa jamii, uliokubaliwa na halmashauri. Ndiko yanakotoka madarasa, zahanati na madawati, na ni vizuri yaje. Lakini zahanati haifuti fidia iliyochelewa. Ukiona afisa anajibu swali la shamba kwa kukutajia madawati, andika swali lako upya katika mstari unaofuata na umwombe alijibu lenyewe.

Mkutano na karatasi ya mahudhurio

Nilikaa wakati fulani katika mkutano wa kijiji, si Kanazi, ambako karatasi ilizungushwa tuandike majina na sahihi. Mzee mmoja aliyekuwa jirani yangu aliweka dole gumba kabla hajaulizwa. Karatasi ilipofika kwangu nilitazama juu. Palikuwa peupe. Hapakuwa na kichwa cha habari wala tarehe, majina yetu tu yakishuka mpaka chini. Karatasi ya namna hiyo inaweza kusomwa baadaye kama mahudhurio, na inaweza kusomwa kama ridhaa; itategemea nani ataandika juu yake, na lini. Siku hizi sisaini mpaka kichwa kimeandikwa kwa kalamu mbele yangu: "Mahudhurio tu."

Fanya hivyo hivyo. Dai pia muhtasari usomwe kabla watu hawajatawanyika, na kama wazee wengi wanaelewa vizuri zaidi Kihangaza au Kishubi, kampuni ilete mkalimani anayekubaliwa na mkutano, asiwe dereva wao. Nimesikia swali la bibi mmoja kuhusu kisima likitafsiriwa kuwa ombi la kisima. Aliuliza kama kisima chake kitakauka. Akajibiwa kwamba ombi lake limepokelewa.

Kuna kifungu ambacho mtendaji wa kijiji anapaswa kukijua kwa moyo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya 1999, inakataza ardhi ya kijiji kuhamishwa kuwa ardhi ya kundi jingine mpaka aina ya fidia, kiasi chake, namna ya kuilipa na muda wa kuilipa vimekubaliwa. Mambo hayo ni manne. Mkutano ukiambiwa "fidia itakuwepo," limejibiwa lile la kwanza kwa nusu, na yamebaki matatu.

Siku ya wathamini

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu hapa ndipo watu wengi hupoteza, na hupoteza kimya kimya.

Wathamini wakija watahesabu: ukubwa wa shamba, nyumba, choo, kibanda cha kuku, miti, mazao. Uwepo wewe mwenyewe, na mwenzi wako, na jirani wa kila mpaka. Tembea nao. Usibaki kivulini kuandaa chai. Kila wanachoandika kwenye fomu yao nawe kiandike: mibuni mingapi inayozaa, mingapi michanga, mashina mangapi ya migomba na ya aina gani, miparachichi, mikaratusi ya mpakani. Mbuni uliopandwa juzi na mbuni wa miaka kumi hailipwi sawa, na mtu aliyetoka Dar es Salaam anaweza asiitofautishe chini ya kivuli cha migomba. Piga picha kwa simu, wewe ukiwa ndani ya picha, kila mahali. Picha ya shamba peke yake inaweza kuwa ya shamba lolote.

Kabla hujasaini, soma namba zote, na kama kuna nafasi iliyoachwa wazi, ipigwe mstari. Dai nakala. Ukiambiwa nakala zitaletwa, andika aliyesema, cheo chake na siku aliyotaja.

Tangu tarehe ya ukomo inapotangazwa, utakachopanda au kujenga baada ya hapo hakihesabiwi. Jambo hilo lina mantiki, kwani bila hivyo vijiji vizima vingeota vibanda usiku mmoja. Tatizo ni pale mradi unapotangaza ukomo kisha ukanyamaza. Mkulima anaacha kupanda mibuni mipya, na mbuni unachukua kama miaka mitatu kuanza kuzaa. Anaacha kuezeka nyumba inayovuja. Anaishi kama abiria aliyefungasha mizigo stendi ambako basi halina saa. Hasara hiyo haionekani kwenye fomu yoyote, kwa hiyo iandike wewe. Sheria ya Uthamini ya 2016 inakusaidia kidogo: fidia ilipwe ndani ya miezi sita tangu Mthamini Mkuu wa Serikali aidhinishe, ikipita hapo, riba inaanza kuhesabiwa, na ikifika miaka miwili bila malipo, uthamini umekufa na lazima ufanywe upya. Mwulize afisa mahusiano swali moja tu, "Mthamini Mkuu ameidhinisha tarehe ngapi?" Zungushia tarehe hiyo kwa wino mwekundu.

Fidia yenyewe ina vipande. Mbali na thamani ya ardhi na maendelezo yaliyo juu yake, kuna posho ya usumbufu. Kwa mwenye makazi pale kuna posho ya makazi, ambayo ni kodi ya miezi 36, na posho ya usafiri inayokadiriwa kwa gharama ya kusafirisha tani 12 za mizigo ndani ya kilometa 20. Mwenye biashara, hata genge la nyanya, anahesabiwa faida ya miezi 36 aliyoikosa. Wenye magenge wengi hukosa kwa sababu hawana maandishi ya mauzo, na hapo kaunta buku hujilipa lenyewe. Shamba lisilokaliwa halipati posho ya makazi wala ya usafiri, kwa hiyo usije ukapigana kwa kipande hicho ukasahau mibuni.

Sasa swali ambalo kampuni za kimataifa hulifahamu vizuri, ila kwa kawaida halisemwi mkutanini. Sheria yetu ikithamini nyumba hupunguza uchakavu: nyumba ya matofali mabichi yenye bati la miaka ishirini hulipwa kama kitu kichakavu, na pesa hiyo hainunui nyumba mahali pengine. Viwango vya IFC, tawi la Benki ya Dunia linalokopesha makampuni, vinataka mtu alipwe gharama kamili ya kupata mbadala bila kukatwa uchakavu, na maisha yake yarudi yalipokuwa au yazidi. Kampuni nyingi zinazotafuta mikopo mikubwa huahidi kufuata viwango hivyo katika ripoti za wanahisa. Kwa hiyo uliza: "Pale sheria ya Tanzania na viwango vya IFC vinapotofautiana, mnalipa kipi?" Omba jibu kwa barua. Kwangu mimi swali hili peke yake linatosha kujua kama unaongea na kampuni inayoheshimu haki au inayoheshimu tu kiwango cha chini cha sheria.

Makaburi

Kwetu mtu huzikwa karibu na nyumba, mara nyingi kando ya migomba. Kaburi lingine lina msalaba wa saruji, lingine lina jiwe tu, au mmea ambao mgeni ataudhani ni pori. Kuna sheria ya kuhamisha makaburi tangu 1969, na makampuni hulipia mazishi mapya. Lakini hakuna mthamini atakayeliona kaburi la kichanga aliyezikwa bila jina. Kabla hawajaja, wakalishe wazee wa ukoo, wahesabu, kisha pandeni alama. Wanawake waulizwe peke yao. Wao ndio wanaojua vichanga wamelala wapi.

Nauli za ndugu walioko mbali, dini ya marehemu, nani atashika mifupa, chakula cha waombolezaji: yote hayo yazungumzwe kabla ya tarehe kupangwa. Kampuni ikiwaletea ratiba ya kuhamisha makaburi ya ukoo wenu kwa siku moja kabla ya mchana kwa sababu mashine imekodiwa, kataeni siku hiyo.

Pesa ikiingia

Wote wawili, mume na mke, waandikwe na wasaini, na akaunti iwe ya pamoja. Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu nyumba ya familia iuzwe bila ridhaa ya mwenzi. Nimeona pesa ya shamba la watu sita ikienda Kahama na mtu mmoja, na hakurudi mtu wala pesa. Kampuni makini hutoa mafunzo ya fedha kabla ya malipo na hutoa chaguo la ardhi kwa ardhi, nyumba kwa nyumba. Ukiuliza maoni yangu, mwenye watoto wadogo achukue ardhi.

Kibarua

Ukiajiriwa kupitia wakala, dai mkataba kwa Kiswahili wenye jina la mwajiri. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, na saa za ziada hulipwa mara moja na nusu. Ukiachishwa kazi isivyo halali una siku 30 tu za kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na kwa madai mengine siku 60. Watu hupoteza siku hizo wakisubiri "bosi arudi kutoka Dar."

Getini

Migodi hulindwa na walinzi wa kukodi, na mara nyingine na polisi kwa makubaliano maalumu na kampuni. Tarehe 16 Mei 2011 polisi waliwaua watu kwa risasi katika mgodi wa North Mara, Tarime, uliokuwa chini ya African Barrick Gold. Wanakijiji walifungua kesi London, nayo ikamalizwa kwa maelewano mwaka 2015. Mwadui, Shinyanga, malalamiko ya vipigo na kuwekwa kizuizini katika mgodi wa almasi wa Williamson yalimfikisha mmiliki wake mkuu wa wakati huo, Petra Diamonds, kwenye maelewano ya pauni milioni 4.3 na walalamikaji 71 mwaka 2021, bila kukiri dhima. Walinzi wengi waliolalamikiwa walikuwa wa mkandarasi. Haikusaidia kusema hivyo.

Kwa hiyo, mgodi wa kwetu ungali mchanga, halmashauri ya kijiji iombe mambo matatu kwa barua: nakala ya makubaliano ya kampuni na polisi, au walau muhtasari wake, maelezo ya lini mlinzi anaruhusiwa kutumia nguvu, na njia za kupita mifugo na watu zilizochorwa kwenye ramani, kwa sababu ugomvi mwingi huanza na ng'ombe aliyefuata njia aliyoizoea.

Dirisha la malalamiko

Kampuni yoyote inayojiheshimu itakuwa na utaratibu wa kupokea malalamiko. Kakuzi ya Kenya, baada ya kampuni mama yake kulipa katika kesi ya London iliyoisha 2021, ilianzisha wake ikauita SIKIKA. Jina ni zuri. Wewe pima kwa mambo ya chini zaidi. Je, unapewa namba ya lalamiko na karatasi iliyogongwa muhuri? Je, kuna siku iliyotajwa ya jibu? Je, anayeamua si yule yule uliyemlalamikia? Mwanamke aliyefanyiwa vibaya na mwajiriwa wa kampuni anaweza kumkuta mwanamke mwenzake dirishani, au lazima asimulie mbele ya vijana wawili na dereva?

Ukifikia kulipwa, soma karatasi ya mwisho polepole. Mara nyingine huwa na sentensi inayosema hutadai tena popote. Usiisaini siku hiyo hiyo. Tafuta msaidizi wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua, na wapo wilayani. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora hupokea malalamiko bila malipo. Njia ya nje nayo ipo, ila ni ndefu. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliwaruhusu wanakijiji wa Chingola, Zambia, kuishitaki Vedanta, kampuni mama, kwa maji yaliyochafuliwa. Lakini Novemba 2024 mahakama ya Ontario, Canada, ilikataa kusikiliza madai ya watu wa North Mara dhidi ya Barrick, ikisema hapo si mahali pake. Huko kote alama ya dole gumba kwenye karatasi isiyo na tarehe haina uzito.

Maji, kabla hayajaguswa

Nikeli ya Kabanga imo katika mwamba wenye salfa. Mwamba wa namna hiyo ukitolewa chini, ukapigwa na hewa na mvua, unaweza kutoa maji yenye asidi, na maji ya huku huteremkia Ruvubu, kisha Kagera, kisha ziwa. Hilo linazuilika kwa uhandisi mzuri, na ripoti ya tathmini ya mazingira inayopelekwa NEMC, baraza la taifa la mazingira, lazima ieleze vipi. Wewe dai kitu rahisi zaidi: maji ya chemchemi na visima vyenu yapimwe sasa, kabla ya uchimbaji, mwakilishi wa kijiji akiwepo wakati chupa zinajazwa, na majibu yabandikwe ofisi ya kijiji. Bila kipimo cha leo, miaka kumi ijayo mtabishana kuhusu ladha.

Na gari likija siku moja likiwa na jina jipya mlangoni, usianze upya. Mkutano wa kwanza na wageni hao, simama na daftari lako, soma ahadi zilizobaki moja moja, na tarehe zake, na aliyezitoa. Kisha waulize: "Mmenunua leseni. Na hizi mmezinunua?" Jibu liingie kwenye muhtasari wa kijiji na kwenye ukurasa wako. Nakala ya daftari mpe ndugu anayeishi Ngara mjini au Bukoba. Nyumba huungua, mchwa hula, na ofisi za kijiji hubadilisha kufuli.